Pale kasi ya dawa kuingia mwilini inapobadilika

Kidonge kikishamezwa, hesabu nyingi za farmakokinetiki, yaani elimu ya mwenendo wa dawa mwilini, hukichukulia kana kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kanuni moja isiyobadilika: katika kila saa inayopita, sehemu ile ile ya dawa iliyobaki tumboni huvuka ukuta wa utumbo. Kanuni hiyo hubebwa na kigezo kimoja kinachoandikwa ka. Tukichukua ka kuwa 1 kwa saa na kasi ya uondoshwaji, ke, kuwa 0.1 kwa saa, ukolezi wa dawa kwenye damu hufika kileleni muda wa saa 2.56 baada ya kumeza. Tukiishusha ka hadi 0.2, kilele husogea mpaka karibu saa 6.93. Mlinganyo unaotoa majibu hayo Harry Bateman aliuandika mwaka 1910 akishughulika na elementi nururifu, si dawa, na ulipata makao mapya katika famasia baada ya Torsten Teorell wa Sweden kuchapisha, mwaka 1937, makala zake kuhusu mwenendo wa dawa mwilini.

Mimi ni mfamasia hapa Kigoma, na pembeni ya kazi ya dirisha la dawa huwasaidia wenzangu wanaochambua data za ukolezi wa dawa katika damu. Swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: data zikikataa kukaa kwenye mlinganyo wa ka moja, mtu afanye nini? Wengi hukimbilia mlinganyo mgumu zaidi. Rai yangu ni kwamba kwanza itafutwe sababu inayoifanya kasi ibadilike, na uchunguzwe uwezekano kwamba sababu hiyo iliandikwa mahali fulani kwenye fomu ya mgonjwa, kwa kuwa modeli inayobadilisha kasi bila kujua kwa nini inabadilika inaweza kupendeza kwenye grafu na bado ikatoa utabiri mbaya kwa mgonjwa anayefuata.

Mfano nitakaoutumia tunaishi nao. Tanzania iliamua mwaka 2006 kuifanya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, yaani ALu, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na mikoa yetu ya magharibi haijaacha kuihitaji. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma wakiwa na vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 nafasi hiyo ilishikwa na jirani zetu wa Tabora. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge vinne kwa dozi, dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza anapoanza, ya pili baada ya saa 8, kisha saa ya 24, 36, 48 na 60.

Sasa mtazame mgonjwa mwenyewe katika siku hizo tatu. Anapopewa dozi ya kwanza ana homa, kichefuchefu, pengine ametapika njiani, na chakula hataki hata kukiona. Siku ya tatu amekaa kitako, anakula ugali wa muhogo kwa dagaa. Lumefantrini ni dawa inayopenda mafuta na kuyakimbia maji. Bila mafuta na nyongo ya kuiyeyusha hupita utumboni karibu yote. Kwa watu wasio wagonjwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyofika kwenye damu kwa takriban mara 16 ukilinganisha na kumeza tumbo likiwa tupu, ilhali artemetha iliongezeka kwa takriban mara 2 tu. Basi dozi sita zinazofanana kwa uzito si dozi sita zinazofanana mwilini. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Thailand miaka ya 1990 zilionyesha hali hiyo hiyo: ufyonzwaji wa lumefantrini huongezeka mgonjwa anapopata nafuu na kuanza kula.

Hapa Kigoma mtu angeweza kusema kwamba tumebarikiwa, kwa kuwa mawese hayakosekani jikoni. Hilo lina ukweli wake. Watafiti waliowapa watu wenye afya dozi moja pamoja na viwango mbalimbali vya maziwa ya soya walikadiria kwamba mililita 36 za maziwa hayo, zenye gramu 1.2 hivi za mafuta, zinatosha kufikia asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha mawese kina zaidi ya gramu 4 za mafuta. Makadirio yale hayakufanywa kwa mawese wala kwa wagonjwa, kwa hiyo sitayahamisha moja kwa moja hadi kwenye bakuli la dagaa. Hata hivyo yanatuonyesha tatizo lilipo. Chakula chetu hakipungukiwi mafuta. Mgonjwa ndiye asiyekila siku ile ambayo dawa inakihitaji zaidi.

Kabla ya kuingia kwenye modeli, lazima mambo mawili yatenganishwe, nami huona yakichanganywa hata katika ripoti nzuri. Kasi ya ufyonzwaji, ka, ni jambo moja. Sehemu ya dozi inayofika kwenye damu, ambayo huandikwa F, ni jambo jingine. Eneo lote chini ya mchirizi wa ukolezi, yaani grafu ya ukolezi dhidi ya muda, hutokana na F, dozi na uwezo wa mwili kuiondoa dawa, na ka haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ka huamua kilele kitakuwa lini na kitakuwa na urefu gani. Ndiyo maana kipimo cha lumefantrini cha siku ya 7, ambacho hutumiwa sana kutabiri kama malaria itarudi, na ambacho kizingiti chake cha nanogramu 200 kwa mililita kimezoeleka, kinaweza kutuambia mengi kuhusu F na uondoshwaji huku kikikaa kimya kabisa kuhusu ka. Nusu-uhai wa lumefantrini, yaani muda wa ukolezi wake kupungua nusu, kwa wagonjwa ni siku 3 hadi 6. Kufikia siku ya 7, alama za kasi ya kuingia zimeshafutika. Mwenye sampuli za siku ya 7 peke yake asijaribu kukadiria ka, sembuse ka inayobadilika.

Kwa data za dozi nyingi, mabadiliko makubwa ya lumefantrini yako kwenye F, na hapo ndipo ninapopendekeza kuanzia. Dozi ya kwanza huwekewa F ya rejea, yaani 1, kwa sababu data za dawa ya kumeza haziwezi kututajia F halisi bila kulinganishwa na dawa iliyochomwa kwenye mshipa. Tunachokipata ni uwiano. Kisha kila dozi inayofuata huruhusiwa kuwa na F yake. Wapo wanaoweka namba huru kwa kila dozi, wapo wanaochora mteremko, yaani mstari mmoja, unaopanda kwa saa tangu tiba ianze, na wapo wanaoifunga F kwenye mlo: alikula, hakula, alikunywa uji tu. Mimi hupenda kuanza na mlo, kisha kuongeza tofauti za nasibu za mtu yule yule kutoka dozi moja hadi nyingine, na kuuingiza mteremko wa muda mwishoni iwapo mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya vipimo na utabiri wake, bado yanapanda. Sababu yangu ni ya kivitendo: mteremko wa muda humeza kila kitu, nafuu ya ugonjwa, chakula, hata makosa ya uandishi, na ukishaingia kwanza huachi nafasi ya kujua nini kilisababisha nini. Kuhusu zile tofauti za nasibu, Mats Karlsson na Lewis Sheiner walishaonyesha mwaka 1993 kwamba kuzipuuza hupotosha makadirio ya vigezo vingine, na sioni udhuru wa kuziacha katika data ambazo kila mgonjwa ana dozi sita.

Kuna jambo la pili kuhusu F ya lumefantrini ambalo modeli ya kawaida hulikosa: utumbo una kikomo chake. Vidonge vikiongezwa kwa mpigo mmoja, kiasi kinachofyonzwa hakiongezeki kwa uwiano ule ule, na kwa sababu hiyo watafiti wanaotaka kuinua ukolezi kwa watoto wadogo au wajawazito huangalia zaidi kurefusha siku za tiba kuliko kurundika vidonge. Katika mlinganyo, kikomo hicho huandikwa kwa kuifanya F ipungue dozi inapokua, au kwa kuandika ufyonzwaji wenyewe kwa namna inayojaa, kama vimeng'enya vinavyofanya. Gabapentini ni mfano ulio wazi zaidi kwa anayetaka kujizoeza: miligramu 900 kwa siku zikigawanywa mara tatu, karibu asilimia 60 hufyonzwa, zikiwa 4800, ni asilimia 27 hivi.

Artemetha, iliyo ndani ya kidonge kile kile, huenda kinyume. Ukolezi wake hushuka dozi zinapoendelea, kwa kuwa dawa yenyewe huuchochea mwili kuongeza vimeng'enya vinavyoigeuza. Mchambuzi mwenye sampuli za artemetha peke yake anaweza kuandika modeli mbili, moja ambayo F inashuka na nyingine ambayo uondoshwaji unapanda, na zote zikakaa vizuri karibu sawa kwenye data. Kinachozitenganisha ni zao lake, dihidroatemisinini. Kama kiasi kinachoingia kimepungua, artemetha na zao lake hushuka pamoja. Kama ugeuzaji ndio ulioongezeka, artemetha hushuka na zao hubaki juu au hupanda, na hivi ndivyo inavyoonekana kwa wagonjwa. Hata hapo mpaka si safi, maana sehemu kubwa ya ugeuzaji hutokea kwenye ukuta wa utumbo na ini kabla dawa haijafika kwenye damu ya mwili mzima, na mabadiliko ya vimeng'enya hivyo hugusa F na uondoshwaji kwa pamoja.

Nirudi kwenye ka yenyewe, ndani ya dozi moja. Njia ya kale ambayo bado naitumia kabla ya kufungua programu yoyote kubwa ni ile ya John Wagner na Eino Nelson ya mwaka 1963. Kwa dawa inayoendana na kompatimenti moja, yaani mwili ukichukuliwa kama chombo kimoja, kiasi kilichokwisha kufyonzwa kufikia wakati fulani ni jumla ya kilichomo mwilini sasa na kilichokwisha kuondolewa. Ukolezi wa wakati huo hujumlishwa na ke mara eneo la mchirizi hadi hapo, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa ke mara eneo lote. Ukiondoa jibu hilo kwenye 1 unapata sehemu ambayo bado haijafyonzwa. Chora logariti yake dhidi ya muda. Mstari ukinyooka, ka haibadiliki. Ukipinda, inabadilika, na mpindo wenyewe unaonyesha namna. Tuseme sehemu zilizobaki ni 0.90 mwisho wa saa ya kwanza, 0.60 mwisho wa ya pili, 0.30 ya tatu na 0.15 ya nne. Ka ya saa ya kwanza ni 0.105, ya pili 0.405, ya tatu 0.693, na ya nne 0.693 tena. Dawa ilichelewa tumboni, ikaanza kutoka, kisha ikafuata kasi yake ya kawaida. Mtu akilazimisha ka moja hapo atapata namba ya katikati isiyokuwa kweli katika saa za mwanzo wala za mwisho, na kilele alichokitabiri kitakuwa kifupi kuliko kilichopimwa.

Ukishauona mpindo, una njia kadhaa za kuuandika. Iliyo nyepesi ni kuweka muda wa kusubiri: dawa haifyonzwi kabisa kwa muda fulani, kisha inaanza ghafla. Kwa lumefantrini, ambayo ufyonzwaji wake unaweza kuchelewa hadi saa 2 na kufika kileleni kati ya saa 6 na 8, muda huo husaidia, ila hakuna tumbo linalofungua kama swichi, na badiliko la ghafla husumbua pia hesabu za kompyuta, kwa kuwa sampuli inayokaribia mpaka huo huweza kurushwa upande mmoja au mwingine na kila jaribio la makadirio. Umbo la Weibull ni laini zaidi. Sehemu iliyobaki huwa e^(−(t/α)^β): β ikiwa 1 tunarudi kwenye ka ya kawaida, ikizidi 1 kasi inapanda kadiri muda unavyokwenda, ikipungua 1 kasi inashuka, na muda ukifika α asilimia 63 imeshafyonzwa bila kujali β. Kigezo kimoja zaidi, nacho kinajibu swali tulilouliza. Udhaifu wake ni kwamba α na β hazina maana ya kifiziolojia, na unapotaka kuziunganisha na mlo au homa hujui mlo uuwekee kipi.

Ninayoipenda zaidi ni mlolongo wa kompatimenti za mpito, ambao Radojka Savic na wenzake waliuandika vizuri mwaka 2007. Badala ya kusubiri kisha kuanza ghafla, dozi hupitia vituo kadhaa kabla ya kufika mahali pa kufyonzwa, kama mzigo wa dagaa unaopokezanwa mkono kwa mkono kutoka kwenye boti hadi kwenye gari pale Kibirizi, na kadiri mikono inavyoongezeka ndivyo mizigo inavyofika ikiwa imekaribiana zaidi. Havikadiriwi vituo kimoja kimoja. Hukadiriwa idadi yao, n, na wastani wa muda wa safari nzima, na kasi kati ya kituo na kituo hupatikana kwa kugawanya n jumlisha 1 kwa muda huo. Wastani wa muda wa safari una maana ambayo daktari anaielewa, na mlo unaweza kuunganishwa nao moja kwa moja: mlo mzito huchelewesha tumbo kujimimina. Rifampisini ya kifua kikuu imekuwa ikielezwa vizuri kwa njia hii. Tahadhari yangu ni moja. Ukiwa na sampuli mbili tu kabla ya kilele, n na ka zitavutana, na programu itakupa namba zenye makosa ya ukadiriaji makubwa kuliko zenyewe.

Nipite haraka kwenye mtego wa ka na ke kubadilishana nafasi. Seti ya ka 1 na ke 0.1 niliyoanza nayo, na seti ya ka 0.1 na ke 1 yenye ujazo wa mtawanyiko (ujazo ambao dawa huonekana kuenea mwilini) mdogo mara kumi, hutoa mchirizi ule ule hasa, na hata usafishaji wa dawa, yaani uwezo wa mwili kuiondoa, hubaki vilevile. Data za kumeza haziwezi kuchagua. Fiziolojia ndiyo inayochagua. Kidonge hupita utumbo mwembamba kwa saa 3 hadi 4 hivi, kwa hiyo mkia wa siku kadhaa wa lumefantrini hauwezi kuwa ufyonzwaji. Kwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni kinyume: mkia mrefu ule ni dawa inayotoka polepole mahali ilipochomwa.

Kisha kuna saa. Katika vituo vyetu muuguzi huandika anavyosema, na dozi iliyotolewa saa 2 asubuhi huandikwa "saa 2". Aliyeingiza data huiandika 02:00 badala ya 08:00, huku muda wa sampuli ukichapwa na mashine ya maabara kwa mfumo wa saa 24. Sampuli iliyochukuliwa 10:00, muda wa saa 2 baada ya dozi, inaonekana kuwa ya saa 8 baada ya dozi. Artemetha, ambayo hufika kileleni kwa saa 2 hivi, itaonekana kufika kileleni kwa saa 8 kwa baadhi ya wagonjwa na saa 2 kwa wengine, na modeli yoyote yenye uhuru wa kutosha itagundua kundi la "wafyonzaji wa polepole" ambalo halipo. Kosa la saa 6 kamili lina sura yake: chora muda wa kilele wa kila mgonjwa na uangalie kama kuna vilima viwili vilivyoachana kwa saa 6. Hufanya hivyo kabla ya kuandika mlinganyo wowote, na nawashauri wanaofanya kazi na data za Afrika Mashariki wafanye hivyo pia.

Kuhusu kuamua kama kasi inayobadilika imestahili kuingia, hesabu ya kawaida ni kwamba kigezo kimoja kilichoongezwa kinapaswa kushusha thamani ya −2 mara logariti ya uwezekano kwa 3.84 au zaidi kwa kiwango cha asilimia 5, na 6.63 kwa asilimia 1. Mimi huiamini hesabu hiyo nusu. Kinachonishawishi zaidi ni kuiagiza modeli itengeneze wagonjwa wa kubuni wengi, kisha kuwatandaza juu ya wagonjwa halisi, dozi kwa dozi, waliokula peke yao na wasiokula peke yao: kama dozi ya kwanza ya wasiokula inatabiriwa juu kuliko ilivyopimwa, modeli haijakamilika hata kama 3.84 imepita. Kazi hii haihitaji leseni ya gharama. NONMEM, programu ya uchambuzi huu ambayo Sheiner na Stuart Beal waliianzisha huko San Francisco, bado inatumika sana, lakini nlmixr2 ndani ya programu ya takwimu ya R ni ya bure, Stan vilevile, na kompyuta ya kawaida ya mkononi inatosha kwa data za wagonjwa mia kadhaa, ikiwa umeme utakubali.

Anayepanga kuchukua sampuli mpya, na ana nafasi ya sampuli chache kwa kila mgonjwa, asiwachukue wote kwa ratiba moja. Agawanye saa za mwanzo baina ya wagonjwa: wengine saa 1 na saa 4 baada ya dozi ya kwanza, wengine saa 2 na saa 6, na wote kabla tu ya dozi ya pili, kwa kuwa saa ya 8 iko karibu na kilele cha lumefantrini na bado haijachanganyika na dozi inayofuata. Arudie mpangilio huo kwenye dozi ya tano au ya sita, mgonjwa akiwa anakula, kwani bila pande zote mbili hakuna badiliko la kupimwa. Na fomu ya kila dozi iwe na nafasi ya kuandika saa ya kumeza kwa mfumo wa saa 24, alichokula na muda aliokula, kama kilipikwa kwa mafuta au la, na kama alitapika, baada ya dakika ngapi na kama dozi ilirudiwa.